Ncha Inayotetemeka: Shajara ya Upanga wa Taichi, Wuhan

3 Septemba 2023

Mradi: kuujua upanga wa taichi, yaani mchezo wa miondoko 32 wa ile sanaa ya Kichina ya kupigana inayochezwa polepole, hadi niweze kuucheza wote peke yangu bila kumchungulia aliye mbele. Muda: mwaka mmoja. Mahali: uwanja wa vigae kando ya Donghu, Ziwa la Mashariki, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka bwenini. Vifaa: upanga wa yuan 68 usio na makali, raba za turubai, simu ya kujirekodi na daftari hili.

Nimekuja Wuhan kutoka Tanga kusomea uhandisi wa maji. Taichi ya mikono mitupu niliianza mwaka jana kwa sababu ya mgongo uliochoshwa na kiti cha maabara. Ni ile ya miondoko 24, ambayo hapa karibu kila mzee anaijua. Tume ya michezo ya China iliitunga mwaka 1956 kwa kuupunguza mtindo wa ukoo wa Yang, ili mtu wa kazi zake aweze kujifunza bila kumtumikia mwalimu miaka na miaka. Upanga wa 32 ukafuata mwaka 1957, mwaka uleule Wuhan ilipofungua daraja la kwanza juu ya Yangtze. Nayaandika haya kwa ajili ya jamaa wa nyumbani, ambao wakiona picha wanadhani nimeingizwa kwenye siri ya miaka elfu mbili. Miondoko yenyewe ina mizizi mirefu, lakini mpangilio huu ni rika la mama yangu.

Mwalimu wetu ana miaka 71, amestaafu kiwanda cha nguo, na ameuzidi umri mpangilio huu wa upanga kwa miaka mitano. Tunamwita Laoshi, yaani mwalimu, basi. Mama aliniuliza kwenye simu:

"Huyo bibi unamwamkiaje?"

"Nasema, Laoshi, zao. Mwalimu, asubuhi."

"Halafu?"

"Basi."

Mama akanyamaza kidogo. Tangu siku hiyo nikimsalimia Laoshi nainama, kwa ajili ya mama.

21 Septemba

Wachina hawachanganyi aina za panga. Upanga ulionyooka wenye makali pande mbili ni jian. Wenye makali upande mmoja ni dao. Panga la kwetu la kukatia kuni lingeingia upande wa dao. Wana msemo kwamba dao ni siku mia, mkuki siku elfu, jian siku elfu kumi. Nimepiga hesabu: siku elfu kumi ni miaka ishirini na saba na ushee. Nilipomwambia Laoshi nimejipa mwaka mmoja, alicheka mpaka akatoa leso.

Upanga unapimwa hivi: unaushika kwa mkono wa kushoto, mkono umening'inia, ubavu wa upanga umelala nyuma ya mkono na ncha inatazama juu. Ncha isiwe chini ya ukingo wa juu wa sikio. Wangu unaishia kwenye ndewe. Muuzaji hakuwahi kuona mteja wa mita 1.86, nami sikujua kipimo. Laoshi akasema utatosha kwa sasa.

Mkono wa kushoto nao haukai bure. Kidole cha shahada na cha kati vinanyooshwa, gumba linakandamiza viwili vilivyobaki, na huo mkono unafuatana na upanga kama mizani. Ukiusahau, mwili unapinda. Mimi nausahau.

12 Oktoba

Miondoko 32 imegawanywa mafungu manne ya minane. Fungu la kwanza nimelipitia. Wa kwanza unaunganisha miguu na kudonoa kwa ncha: kifundo cha mkono kinapanda, ncha inashuka, kama kuku anayedonoa punje moja. Wa pili unasimama kwa mguu mmoja na kuchoma kinyume, gumba likitazama chini. Wa tatu unachuchumaa sana na kufagia. Halafu unavuta upanga kulia, unavuta kushoto, unapasua kutoka juu, unarudi nyuma huku ukiuchomoa, na wa nane unasimama tena kwa mguu mmoja, kuchoma kwenda juu.

Kudonoa, kuchoma, kufagia, kupasua, kuvuta, kupangusa, kukinga. Vitenzi tunavyo vya kutosha. Ninachokosa ni mkono.

Nimejirekodi leo mara ya kwanza. Sikupenda. Kwenye mwondoko wa nane ncha inatetemeka kama antena ya redio kwenye gari bovu. Na kwenye wa kumi, ule wa kuchoma mbele ukiwa umekita mguu wa kushoto, haitetemeki tu, inachora duara hewani. Laoshi alipita nyuma yangu akasema "kuan yidian", panua kidogo. Nikapanua.

5 Novemba

Kipimo. Nimechora duara la sentimita 5 kwenye kadibodi nikalibandika ndani ya mlango wa chumba. Nachoma mara 20 kwa mwondoko wa kumi, polepole, nasimamisha ncha karibu na kadibodi bila kuigusa, nahesabu mara ngapi imetulia ndani ya duara. Leo: 4 kati ya 20.

Nimeamua kosa ni la upanga. Huu wa yuan 68 ni wa aina laini ya maonyesho. Ukiutikisa unalia kama bati. Nimeagiza mgumu zaidi, wa Longquan, mji wa mkoa wa Zhejiang ambao jina lake hapa ni sawa na kusema upanga mzuri. Gramu 780.

19 Novemba

Umefika. Ni mzuri, mpini wa mbao, ala yake inanukia vanishi. Matokeo: 3 kati ya 20. Na mkono unauma upande wa gumba.

Mkongomani wa chumba cha pili, mtu wa Lubumbashi, amechungulia mlangoni akaniona nimeganda mbele ya kadibodi na upanga. "Weye unachezaka na bankambo," akasema, akimaanisha wazee wetu wa uwanjani, "sasa unapigana na mlango?"

2 Desemba

Mkono umevimba. Wiki tatu bila upanga wa chuma. Laoshi amenipa wa mbao, mwepesi, wa kufundishia wajukuu.

Kumbe ushikaji wangu ulikuwa wa kushika nyundo. Upanga huu unashikwa kwa gumba, shahada na kidole cha kati. Viwili vya mwisho vinafuata tu, vinafumba na kufumbua kadiri mpini unavyogeuka. Katika kudonoa peke yake mshiko unabadilika mara mbili. Laoshi alikuwa akiniambia "song", legeza, tangu mwanzo, nami nilikuwa nikilegeza uso.

23 Desemba

Mshiko mpya, upanga wa mbao: 6 kati ya 20. Kifundo cha mkono hakiumi. Duara hewani bado lipo.

Fungu la pili limekamilika, la tatu nimelianza. Miondoko ya 19, 20 na 21 ni kukinga kushoto, kulia, kushoto, na kuna muziki wake kama mtu anayepiga kasia. Hapo najisikia vizuri, kwa hiyo nadhani nakosea.

14 Januari 2024

Nilikuwa naenda uwanja mwingine ng'ambo ya mto kutazama kundi lingine. Kwenye ukaguzi wa kituo kimoja cha treni ya chini ya ardhi mashine iliuona upanga kabla yangu mimi. Askari kijana aliutoa, akaupima makali kwa kidole, akakuta hauna, akanirudishia akasema bado ni hapana. Nikageuka nikarudi kwa miguu, kilomita saba, na upanga mgongoni ndani ya mfuko wa mwavuli. Sasa naelewa kwa nini mabibi wengi wana panga za kukunja zinazoingia ndani kama antena, urefu wa rula. Nilizicheka mwaka mzima.

6 Februari

Mvua ya barafu. Matawi ya miti yamevunjika kwa uzito, treni zimekwama, na uwanja wa vigae ni kioo. Kabla ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, mwaka mpya wa Kichina, hakuna mazoezi. Vyumba vya huku kusini havina joto la mabomba kama Beijing. Ndani na nje ni kama hakuna tofauti. Nafanya mshiko tu, nimekaa kitandani na soksi mbili.

18 Februari

Makumbusho ya Mkoa wa Hubei, karibu kabisa na ziwa. Nimesimama mbele ya upanga wa Goujian karibu saa nzima, mpaka walinzi wakaanza kunitazama.

Goujian alikuwa mfalme wa Yue, karne ya 5 kabla ya Kristo. Upanga wake wa bronzi ulifukuliwa mwaka 1965 kwenye kaburi huko Jiangling, hapahapa Hubei. Una maandishi manane yanayosema ni upanga wa mfalme wa Yue, aliojitengenezea kwa matumizi yake. Sasa Yue ilikuwa mbali mashariki, na kaburi ni la mtu wa Chu, dola jingine. Umefikaje? Ngawira au mahari, wataalamu wanabishana. Umekaa majini zaidi ya miaka elfu mbili na bado unang'aa.

Kilichonishangaza ni ufupi. Sentimita 55.7, na mpini ndani ya hizo. Nilikuja na picha ya upanga mrefu wa filamu, nikakuta kitu cha kumsogelea mtu mpaka unaona kope zake. Mwili wake una michoro ya maumbo ya pembe nne ubavu mzima. Lakini mimi nilikuwa nikitazama ncha. Pande mbili za makali zinaingia ndani kidogo kabla ya kukutana, ndiyo maana ncha inaonekana imekaza. Kila kitu kwenye ule upanga kinaelekea pale. Nikafikiria kadibodi yangu.

15 Machi

Ramadhani, siku ya nne. Nakula daku, naswali alfajiri, halafu saa kumi na mbili na nusu niko uwanjani. Mabibi wamejua, kwa sababu nakataa chai ya chupa ya kila mtu. Mmoja kanisihi ninywe maji tu, maji si chakula. Nimemweleza. Kanitazama kwa huruma ile ya mtu anayemwona mtoto wa jirani akinyimwa.

Kuna jambo limetokea. Katika kupasua, mwondoko wa sita, Laoshi huniuliza kila mara, "Unakata nini?" Nami nilijua jibu ingawa sikumpa: nakata nyasi. Miaka saba ya shule ya msingi nilishika fyekeo kila Ijumaa. Fyekeo unalitupa kutoka begani, mwili unafuata baadaye. Bega langu la kulia limezaliwa huko. Ukiniambia pasua, linapanda lenyewe.

Wiki hii halipandi. Sina nguvu za kulipandisha. Saum imelishusha, na upanga unashuka kwa uzito wake, kiuno kikiuongoza. Laoshi hakuuliza nakata nini.

9 kati ya 20. Jioni nilifuturu kwenye mgahawa wa tambi wa Mwislamu kutoka Qinghai, aliyeniongezea nyama bila kuniuliza.

28 Machi

Bado 9. Mshiko mzuri, bega limeshuka, na duara hewani lipo palepale. Nimeshabadilisha upanga, mkono na bega, nimeishiwa watuhumiwa.

14 Aprili

Idd imepita na nguvu zimerudi. Na leo nimepata.

Kuna mzee anayekuja uwanjani na ndoo ya maji na brashi ndefu kama fimbo, ncha yake ya sifongo. Anaandika mashairi kwa maji juu ya vigae. Yanakauka dakika chache, anaandika mengine. Hakuna anayemlipa, hakuna kinachobaki. Nilikuwa narudia mwondoko wa kumi, hatua baada ya hatua, nikaingia moja kwa moja kwenye maji yake na kuukanyaga mstari mzima wa shairi.

Nikaomba radhi. Hakukasirika. Alikuwa anatazama chini, nyuma yangu. Nikageuka.

Nyayo zangu zilikuwa zimeandikwa juu ya vigae vikavu, sita au saba, wazi kabisa. Zote kwenye mstari mmoja. Mguu mbele ya mguu, kama paka anayepita juu ya ukuta.

Mzee akachovya brashi. Pembeni ya nyayo zangu akachora mstari mmoja ulionyooka, akanitazama. Halafu akachora herufi ya "mtu", ambayo ni mikwaju miwili tu, miguu miwili iliyoachana. Akaigonga mara mbili kwa kitako cha brashi, akarudi kwenye shairi lake.

Nilimwita Laoshi. Alizitazama nyayo zikikauka, akanitazama mimi, akasema kwa uchovu: "Kuan. Kuan! Tangu Oktoba nakwambia kuan."

Kweli aliniambia. Ila mimi niliposikia kuan nilielewa hatua kubwa, nikawa naurefusha mguu mbele. Alimaanisha upana: kushoto na kulia. Nilikuwa nimefanya kinyume kwa miezi sita, maana kadiri unavyorefusha hatua kwenye mstari mmoja ndivyo unavyosimama juu ya kamba.

Hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kutoka bega langu hadi ncha ni kama mita 1.5. Kiwiliwili kikigeuka digrii moja tu upande, ncha inahama sentimita 2.6, yaani inatosha kutoka ndani ya duara la sentimita 5 ukianzia katikati. Digrii moja huisikii mwilini. Mkono unaihisi unajaribu kurekebisha, unazidisha, unarudi. Hilo ndilo duara hewani. Nilikuwa natibu ncha, ugonjwa uko kwenye nyayo.

Katika mkao huu visigino vinatakiwa viachane upande kwa upande kiasi cha sentimita 30. Vigae vya uwanja ni sentimita 30. Nimekuwa nikikanyaga rula miezi saba.

15 Aprili

Kigae kimoja kati ya visigino. 13 kati ya 20. Kwa furaha nilichoma mara ya 21 nikasahau kusimama. Kadibodi imetoboka na mlango umetoboka. Tundu dogo. Msimamizi wa bweni, mama wa makamo ambaye hajawahi kutabasamu, ameleta kitabu cha faini na amepiga picha ya upanga.

27 Aprili

15 kati ya 20. Upanga wa mbao nimeurudisha. Wa Longquan sasa hauumi.

Lakini upana mpya umevuruga kila kitu. Miondoko yote niliyoizoea ilijengwa juu ya kamba. Nikipanua hatua ya kumi, ya kumi na moja inaanzia mahali pengine, kiuno kinafika mapema, na ule mruko mdogo wa kumi na nne unanitupa kwa bibi wa kulia. Nimekaa benchi nikafikiri. Lengo la kumaliza yote mwaka huu limekufa. Narudi kwenye fungu la kwanza, minane tu, mpaka nyayo zikae.

Laoshi amekubali haraka mno. Nadhani alikuwa anasubiri.

11 Mei

Wudang, siku mbili. Treni ya kasi kutoka Wuhan hadi kituo cha Wudangshan Magharibi. Upanga nimeuacha, nimejifunza.

Mlima ni wa Watao, wafuasi wa dini ya Tao, na kileleni, mita 1,612, kuna Ukumbi wa Dhahabu wa mwaka 1416, wa bronzi iliyopakwa dhahabu, uliosimama juu ya mwamba kama kasha la vito. Ngazi zinatosha kumaliza ubishi wa mtu yeyote kuhusu magoti. Hapa kila muuza panga atakwambia Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao, alibuni taichi alipomwona nyoka akipigana na ndege. Hadithi tamu, nami nilinunua chai kwa ajili yake. Lakini wanaochimba historia, kuanzia Tang Hao miaka ya 1930, wanaufuata mkondo hadi kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen mkoani Henan, kwa ukoo wa Chen na afisa wao wa karne ya 17, Chen Wangting. Huko ndiko Yang Luchan alikojifunza kabla ya kwenda kufundisha Beijing katika karne ya 19, na kwake ndiko umetoka mtindo ambao mabibi wetu wanaucheza. UNESCO ilipoiorodhesha taichi mwaka 2020 watu wa Henan walishangilia. Wa Wudang hawajaondoa vibao vyao. Mimi nimekulia pwani, ambako kila mji ni wa kwanza kujenga msikiti. Siwashangai.

Nilichokifuata nilikiona asubuhi ya pili, kwenye ua wa jiwe chini ya Kasri la Zixiao. Mvua nyepesi. Msichana wa miaka kama kumi na tano anafanya upanga peke yake, kasi mara tatu ya sisi. Sikutazama upanga. Nilitazama mawe. Miguu yake ilikuwa inaacha alama kavu mahali ilipokuwa imesimama, na alama zile zilikuwa pana, pana, pana.

8 Juni

Miondoko minane, upya. Vidokezo kwa ajili yangu mwenyewe:

Goti la mbele lifuate uelekeo wa vidole vya mguu. Langu la kushoto linaingia ndani, nikichoka zaidi. Niligeuza mguu wenye uzito juu yake, goti likalalamika siku nne. Toa uzito kwanza, geuza kisigino, ndipo urudishe uzito. Hili halina njia ya mkato, na nimewaona watu wa umri wangu wamefungwa bandeji za magoti kwa ajili yake.

Mguu wa nyuma: ukingo wa nje usinyanyuke unapochoma. Ukinyanyuka, nguvu yote imetoka nje ya mlango wa nyuma.

Kushoto: vidole viwili. Nimevisahau tena.

21 Julai

Nyuzi 37 na unyevu wa Wuhan, ambao ni sawa na kuvaa blanketi lililochemshwa. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri. Mbu wa ziwani wanajua kwamba mtu wa taichi hakupigi kofi. Waliobaki ni sita, kawaida tuko ishirini.

Mwondoko wa kumi umetulia. Wa nane bado. Hapo unasimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo hoja ya kigae haisaidii. Nimejirekodi kutoka nyuma: goti la mguu niliosimamia limenyooka kabisa, limefungwa kama bawaba, na vidole vya mguu vinakwaruza ndani ya raba. Nimejaribu kulegeza goti kidogo tu. Ncha ikatulia kwa pumzi mbili. Pumzi ya tatu ikaanza.

Mama kwenye simu ameuliza kama nimeshaweza. Nikamwambia minane. Akasema mjomba wa Pemba, akicheza kirumbizi siku ya Idd, alikuwa na mapigo matatu tu ya fimbo, na hakuna aliyewahi kumgusa. Sijui kama ananitia moyo au ananisimanga. Kwa mama, mara nyingi ni vyote viwili.

1 Septemba

Mwaka umefika. Lengo la mwanzo: miondoko 32 bila kumchungulia mtu. Hali halisi: nane za kwanza kwa usahihi ninaoweza kuutetea, kutoka tisa hadi ishirini na nne nazipita bila kusimama, fungu la mwisho najua majina. Ule wa 31, wa kuzunguka huku upanga ukipangusa hewa, unanipa kizunguzungu kila mara, na naumaliza nikimtazama bibi asiye sahihi.

Kipimo cha mlango: 17 kati ya 20, kwa umbali wa salama.

Kuna kitu nimekigundua kuhusu kundi letu. Nusu ya mabibi hawasimamishi ncha, hawajali, wanazungumza bei ya mboga katikati ya mwondoko wa kumi na sita. Mwaka jana niliwadharau kimyakimya. Nimewatazama miguu wiki hii. Upana wao wote uko sawa.

29 Septemba

Laoshi anaondoka. Binti yake wa Shenzhen amejifungua, na bibi ndiye atakayelea, kama kawaida ya hapa. Hajui ni mwaka mmoja au mitatu. Alitangaza katikati ya kufungasha vitu vyake, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua.

Mabibi waligawana majukumu palepale. Mmoja atasimama mbele, mwingine atashika orodha ya simu. Mimi nimepewa spika, ile ya magurudumu yenye sauti ya mwanamke inayoita jina la kila mwondoko kabla hujafika, kwa sababu, wamesema, xiaohuozi hufika wa kwanza. Xiaohuozi ni kijana. Nina miaka 33.

Nilitaka kumwonyesha Laoshi mwondoko wa nane kabla hajaondoka. Nikasimama, nikapandisha goti, nikachoma. Pumzi moja, mbili, tatu. Ya nne ikatetemeka. Alikuja akanigusa kiuno kwa vidole viwili, upande wa kushoto, akasukuma kidogo sana, kama mtu anayenyoosha fremu ya picha ukutani. Ncha ikanyamaza. Akatoa vidole. Ikaanza tena.

"Hapo," akasema, akaenda kuwahi basi.

6 Oktoba

Mazoezi ya kwanza bila yeye. Watu kumi na saba. Mzee wa maji hakuja. Nilipachika vidole vyangu mwenyewe kwenye kiuno upande wa kushoto, pale alipogusa. Haifanyi kazi, kwa sababu mkono wa kushoto unatakiwa kuwa hewani. Kesho nitajaribu kuusukuma kutoka ndani, kama inawezekana.

Spika ilizimika kwenye mwondoko wa 22, betri imekwisha, na kwa mara ya kwanza tukamalizia kimya. Nimeibeba hadi bwenini. Iko kwenye chaji, chini ya tundu la mlango.